Mfumaji Kwenye Simu

Wiki jana niliwaacha nikiwa mlangoni mwa kibanda cha kioo, hedifoni mkononi, mwalimu akinihimiza niingie. Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza asihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Habari yenyewe ni fupi.

Nilikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha nguo kwa miaka ishirini na mmoja. Asubuhi moja tulikuta getini meza mbili na bahasha, na kabla ya saa nne watu mia tatu na kumi tulikuwa tumemwaga unga. Miezi saba baadaye likaja tangazo la mafunzo kwa waliopunguzwa kazini: miezi mitatu, bure, na cheti mwishoni. Tulichaguliwa arobaini. Kazi mpya tuliyoandaliwa ilikuwa kupokea simu za wateja wa kampuni ya simu.

Na mimi, msomaji wangu, ni kiziwi.

Sikuzaliwa hivi. Mashine za kufumia zilinila masikio pole pole. La kulia lilikufa mwaka wangu wa tisa kazini. La kushoto hushika sauti lakini halishiki maneno, mtu akisema ni kama anasemea ndani ya chungu. Fomu ya mafunzo iliuliza umri wangu, elimu yangu, idadi ya wanaonitegemea, hata saizi ya fulana. Masikio haikuuliza. Aliyepanga wafumaji wapelekwe kwenye simu hajawahi kusimama kwenye ukumbi wa mashine hata dakika tano.

Mtaniuliza nimeishije. Nimeishi kwa midomo. Kiwandani hakuna aliyemsikia mwenzake, kwa hiyo wote tulisomana midomo na kupeana ishara. Vidole viwili begani, msimamizi anakuja. Ngumi kifuani, uzi wangu umekatika, njoo unisaidie. Hiyo ya ngumi hakuna aliyeikataa, hata kama asubuhi yake mmetukanana. Mtu aliye mashine ya kumi kutoka kwangu akinisengenya, nilimsoma neno kwa neno.

Basi niliingia kibandani.

Mafunzo yalifanyiwa kwenye kantini yetu ile ile ya zamani. Kibanda cha kioo kilisimama mwisho mmoja wa ukumbi, na mwisho wa pili palikuwa na jiko, lililogeuzwa ofisi. Lile dirisha tulilokuwa tukipokelea chakula waliliwekea kioo. Mwalimu alikaa jikoni akijifanya mteja, na kipaza sauti kikarusha maneno yake ukumbini ili wengine wajifunze. Benchi zilipangwa pande tatu kuzunguka kibanda.

Mwalimu tulimwita Tabasamu. "Mteja hakuoni, lakini tabasamu lako analisikia," ndiyo yalikuwa maneno yake ya kila siku. Alitabasamu akifundisha, akila, akikwambia umefeli. Na alikuwa na sheria moja: mteja akingoja jibu nawe ukakaa kimya sekunde kumi, umepoteza mtihani.

Nikavaa hedifoni. Taa nyekundu ikawaka. Ndani ya sikio chungu kikaanza kunung'unika, nami sikuambulia hata silabi.

Nikainua macho. Kwenye benchi la mbele, mgongo wake ukiwa upande wa jikoni, alikaa Kidole.

Kidole tulianza naye kazi wiki moja. Mashine ilimla ncha ya kidole cha shahada akiwa na mwaka mmoja tu kazini, jina likamganda. Kila asubuhi alikuwa akiokota pamba sakafuni, anaiviringa, anaziba nayo masikio kabla ya mashine kuwashwa. Tulimcheka miaka yote ile. Tulimuuliza kama anaogopa nzi. Leo yeye peke yake ndiye anayesikia mvua ikianza kunyesha.

Midomo yake ikacheza, bila sauti. "Anasema salio lake limepotea tangu jana."

"Pole sana kwa usumbufu," nikasema. "Naomba namba yako nikuangalizie."

"Anakutajia namba. Saba, mbili, mbili."

Nikaandika. Alama zangu zikawa themanini na sita, za pili darasani. Za kwanza zilikuwa zake.

"Umejuaje?" nilimuuliza tulipotoka.

"Shoga, unanitazama mdomo hata tukiwa msalani." Akanifunga kitambaa cha kichwa kilichokuwa kimelegea. "Usiseme kitu. Tutaingia wote."

Akawa masikio yangu kwa wiki saba. Sikumshukuru hata siku moja, sijui kwa nini. Tangu ile asubuhi ya bahasha nilikuwa nimekufa ganzi, na mtu aliyekufa ganzi ukimkanyaga au ukimkumbatia kwake ni mamoja.

Mlinzi wa getini alikuwa mfumaji kama sisi, akahitimu kundi la kwanza la mafunzo haya haya, kabla yetu. Cheti chake amekitia plastiki, amekitundika juu ya kiti chake.

"Mlikuwa wangapi?" nilimuuliza siku moja.

"Arobaini."

"Waliopata kazi?"

Akajigusa kifua. "Mimi."

"Ya simu?"

"Ya geti. Lakini kwenye ripoti nimo. Wageni wakija wanaletwa hapa, tunapiga picha, mimi na cheti." Alisema bila uchungu, kisha akanifungulia geti nipite.

Nyumbani nako kulikuwa na yake.

Mume wangu ni seremala, mtu mwema, kosa lake ni masharubu. Tulipooana alikuwa ananyoa. Mwaka wa kumi wa ndoa akaamua kuyafuga, yakateremka mpaka mdomo wa juu ukapotea, na tangu hapo hatujaelewana vizuri. Nilimwomba ayapunguze, akadhani nimepata mwingine aliyenyoa. Ukweli wa masikio sikumwambia. Kiwandani aliyelalamika masikio alihamishiwa kufagia, nikazoea kunyamaza, na kimya nikaja nacho mpaka chumbani.

"Mama Wawili, nimekuita mara tatu."

"Nilikuwa nawaza," nikajibu kwa kubahatisha; lawama hiyo naijua hata bila kuisikia.

"Kila siku unawaza. Mtu naongea na mgongo."

Akaja mbele yangu, akasema polepole, na kwa mara ya kwanza masharubu hayakunizuia kumsoma. "Nimeongea na dada. Kama mwisho wa mwezi huna kazi, nyumba tunairudisha kwa mwenyewe, tunahamia kwake. Ameshafagia chumba cha uani."

"Wote wanne?"

"Sisi na mdogo. Mkubwa atakwenda kwa mjomba wake, shule iko karibu na pale."

"Unagawa watoto?"

"Chumba ni kimoja. Niwalaze juu ya kabati?"

Wifi yangu huyo huniita Malkia, kwa sababu akinisalimia kwa nyuma siitikii. Nilisimama pale nikisubiri moyo wangu ufanye jambo, uruke, usimame, au uniume. Haukufanya kitu. Nikaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imekwisha takata.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Mtihani wa mwisho ulikuwa Ijumaa. Linalofuata lilitokea Jumatano, na ndilo lililonifanya nikubali kuandika haya gazetini, kwa sababu sina mtu wa kumwambia ana kwa ana.

Saa ya chai wenzangu walitoka uani. Mimi nilibaki nafuta ubao. Jikoni, nyuma ya kioo, Tabasamu alikuwa na mgeni, afisa wa kampuni ya simu, mwanamke mnene wa miwani, faili la kijani kifuani. Mlango waliufunga. Mwalimu alinipa mgongo, afisa alinielekea mimi.

Watu wa ofisini wakitaka siri hufunga mlango. Mbele ya mfumaji ilibidi washushe pazia.

"Hapana, si ishirini," midomo ya afisa ilisema. "Nafasi ni moja."

Mgongo wa mwalimu ukanyooka.

"Hao wengine wape vyeti. Kwenye ripoti andika wamehitimu. Si wamehitimu kweli?"

Mwalimu akasema kitu ambacho sikukiona. Afisa akafungua faili.

"Nimebakiza wawili. Huyu aliyekatika kidole, na yule mama anayejibu kwa utaratibu. Ijumaa nitaunganisha wateja wa kweli. Atakayemzidi mwenzake namchukua. Lakini usiwaambie. Ukiwaambia, kesho huna darasa."

Anayejibu kwa utaratibu ni mimi. Utaratibu wenyewe ulikuwa kumngoja Kidole amalize kutamka.

Mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia yeye na vikombe vinavyochuruzika. Zamu ya kuosha ilikuwa yake, na bomba liko nje, chini ya dirisha dogo la jiko.

"Wana kikao kirefu hao," akasema. "Umewasoma?"

Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja.

"Nimemsoma yule mgeni kidogo. Nafasi ni ishirini. Kila atakayepita alama hamsini anaingia."

Kidole akanitazama. "Ishirini?"

"Ishirini."

"Basi tumeingia," akasema, akaanza kupanga vikombe mezani, vishikio vyote upande mmoja.

Sitaki kujipamba. Nilidanganya kwa sababu bila midomo yake sina kazi, na akijua nafasi ni moja ataifunga hiyo midomo. Mtu yeyote angeifunga. Nilijua pia kwamba ana mama yake mzazi asiyeweza kujigeuza kitandani, na kwamba jirani anayeshinda na mama huyo ameanza kununa. Hayo yote niliyajua wakati mdomo wangu unatamka ishirini. Nilijikagua nione kama nina aibu, sikuiona.

Ilinikuta kesho yake, nimesimama sokoni nachagua vitunguu. Nikajiona mchafu, mchafu wa kweli, mpaka nikakaa juu ya gunia la mtu. Mwenye gunia akanitikisa bega, pengine alikuwa akiniita muda mrefu. Nikainuka, nikanunua vitunguu, ganzi ikarudi mahali pake.

Ijumaa ikafika. Afisa alikaa jikoni na faili lake, Tabasamu pembeni yake, mashine ya kuunganisha simu mbele yao. Tukaambiwa leo wateja ni wa kweli, watu na matatizo yao, kwa hiyo hakuna mchezo. Hasa kitufe cha kufunga laini. Laini ya mteja ukishaifunga haifunguki tena mpaka aende mwenyewe ofisini na vitambulisho vyake, apange foleni.

"Tunaanza na wale wa juu," Tabasamu akatangaza, akitabasamu. Wengine hawakushangaa. Waliamini kila anayepita hamsini anaingia, kwa sababu uongo wangu ulishazunguka kantini nzima tangu Jumatano. Kuna aliyekwisha kushona blauzi ya kuanzia kazi.

Kidole akaingia kwanza. Nilimtazama kupitia kioo akiongea na watu watatu, mmoja baada ya mwingine, akicheka kidogo, akiinamisha kichwa kama mtu anayeongea na jirani ukutani. Wa mwisho alimfanya hata afisa atabasamu. Mwalimu akaja ubaoni, akaandika tisini.

Akatoka. Tukapishana mlangoni, akanishika mkono.

"Nitakaa pale pale," akasema. "Wewe nitazame mimi tu."

Nikamwambia asante. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki zote zile.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee, kwa jinsi Kidole alivyokunja midomo kumwigiza. Muda wake wa maongezi unakwisha kabla hajaongea. Nikamwelekeza kifurushi kingine, akaridhika. Wa pili simu yake ilitumbukia kwenye ndoo. Nikampa pole, nikamwambia aizime, aikaushe, alete laini abadilishiwe. Kwa mbali, nyuma ya kioo cha jikoni, nilimwona afisa akitikisa kichwa kukubali. Nikaona chumba cha uani kwa wifi kikianza kufungwa mlango, bila sisi ndani.

Taa nyekundu ikawaka mara ya tatu. Chungu kikanung'unika. Nikamtazama Kidole.

"Nafasi ni moja," akasema.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu mteja. Ndipo maneno yakanifikia.

"Jumatano nilikuwa bombani," midomo yake ikaendelea, taratibu, kila neno likitamkwa likatamkika. "Wewe ulimsoma mgeni. Mimi dirishani nilimsoma mwalimu. Alirudia mara mbili. Moja? Moja tu? Nikaingia nikakuuliza, nione utaniambia nini."

Chungu kikanyamaza sikioni, kisha kikanung'unika tena; mteja alikuwa akingoja jibu. Jikoni, Tabasamu alizungusha mkono hewani. Endelea.

Sekunde moja. Mbili. Tatu.

Mkono ulifanya kazi yake wenyewe, kama ulivyofanya miaka ishirini na mmoja. Nikaukunja ngumi, nikauweka kifuani.

Uzi wangu umekatika.

Kidole akaitazama ile ngumi. Akaitazama muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko miezi saba ya kukaa nyumbani. Kisha akatabasamu, tabasamu lile lile la darasani, la kusikika.

"Mteja anasema simu yake imeibiwa," akasema. "Anaomba umfungie laini sasa hivi."

Sekunde ya tano.

Sikujua hayo ni maneno ya mteja au ni yake. Nilibana hedifoni kwenye sikio la kushoto mpaka likauma. Huenda mtu alikuwa akilia. Huenda alikuwa akiuliza bei ya kifurushi cha wiki. Nilimtazama Tabasamu, naye alitabasamu, lakini huyo hata msibani hutabasamu. Afisa alikuwa ameinama anaandika.

Nikawatazama wenzangu. Kipaza sauti kilikuwa kikiwarushia sauti ya mteja juu ya vichwa vyao, na miongoni mwao wapo wanaosikia vya kutosha. Nilitaka uso mmoja tu, jicho moja linikonyeze ndiyo au hapana.

Hapo ndipo nilipokumbuka wao ni nani. Thelathini na wanane, wamekaa pande tatu, wafumaji wote. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akishughulika na kipaza sauti. Wote walikuwa wakimtazama Kidole mdomo, na walikuwa wakimtazama tangu mwanzo. Walisoma "moja." Walisoma "wewe ulimsoma mgeni." Mwenye blauzi mpya alikuwa ameishika ukosi.

Kisha macho yao, jozi kwa jozi, yakatoka kwa Kidole yakaja kwangu. Hakuna aliyecheza mdomo.

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya bahasha, niliogopa. Niliogopa kama mtu mzima, na nikamwona mwanangu mkubwa akibeba begi lake kwenda kwa mjomba wake bila kugeuka.

Sekunde ya nane.

Nikatabasamu kama nilivyofundishwa. "Nimekuelewa vizuri, mpendwa mteja," nikasema. "Nakufungia sasa hivi."

Nikabonyeza kitufe.

Taa nyekundu ikazimika. Kule jikoni afisa akainua kichwa kutoka kwenye faili la kijani, akanitazama moja kwa moja, akasema neno moja. Lakini alikuwa ameshika kalamu mbele ya mdomo.